Jani la Kuria na Haki ya Kuulizwa

Tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo tangu siku hiyo haikosi kutajwa panapozuka ugomvi kuhusu sheria iliyotungwa bila wananchi kuulizwa. Wanasheria huitaja wakibishania bajeti, ada za kaunti na mipango ya ardhi. Wachache hukumbuka kwamba kesi yenyewe ilikuwa ya sigara. Kampuni ya British American Tobacco (BAT), tawi la Kenya, iliishtaki Wizara ya Afya ikidai haikushirikishwa vya kutosha kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 zilipotungwa. Ilishindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufaa, ikashindwa tena huko juu kabisa.

Sehemu ya tumbaku hiyo hutoka Kuria. Ntimaru ni mji wa soko katika Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, jirani na mpaka wa Tanzania, katika nchi ya Wairege. Tangu miaka ya 1970 familia nyingi za huko zimelima tumbaku kwa mkataba: kampuni hutoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, mkulima hupanda kitalu, huhamishia miche shambani, huchuma majani kuanzia ya chini kwenda juu, huyafunga vijitini na kuyakausha katika mabanda kwa moto wa kuni. Siku ya mauzo kampuni hupanga madaraja ya jani na kukata deni lake kwanza. Kinachobaki ndicho karo, ndicho unga, ndicho paa la mabati.

Kwa hiyo jani hili limepita mara mbili katika historia ya namna Kenya inavyotunga sheria. Mara ya kwanza ilikuwa 1994, ambapo mkulima hakuulizwa. Mara ya pili ni hiyo ya 2019, ambapo mwenye kiwanda ndiye aliyesimama kortini kusema hakuulizwa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna hadithi nzima ya kamati za Bunge, na inafaa isimuliwe kutoka Ntimaru, kwa sababu huko ndiko unakoona ni nani sauti yake inafika na ni nani inamfia njiani.

Kabla ya Bunge, Wakuria walikuwa na iritongo. Huu ulikuwa mkutano wa wazi wa jamii, ulioitwa panapokuwa na jambo la wote: ng'ombe walioibwa, ugomvi wa koo, mtu aliyeshindikana. Watu walikaa nje, kila msemaji akasimama, na uamuzi ulifikiwa mbele ya wote waliohudhuria. Kando yake palikuwa na inchama, baraza la wazee wachache wenye siri na madaraka ya mila, ambao hawakufanya kazi yao hadharani. Ukiwaza vizuri, unaona jamii ilikuwa imezitenga kazi mbili ambazo serikali za kisasa huzichanganya: kikao cha kusikilizana na kikao cha faragha.

Iritongo haikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wizi wa mifugo kwa bunduki ulipokuwa umewachosha watu na polisi hawakuaminika, mikutano hiyo ilipata nguvu mpya, ikachanganyika na sungusungu, ulinzi wa vijiji uliotoka ng'ambo ya pili, Tanzania, na kuunda kamati zake na kanuni zake za maandishi. Mwanaanthropolojia Suzette Heald alichapisha mwaka 2007 uchunguzi kuhusu jambo hilo, na kichwa cha kazi yake kilitaja waziwazi utungaji wa sheria vijijini. Alikuwa sahihi. Watu wa Kuria walikuwa wakitunga sheria, wakiwa wamekaa kwenye nyasi.

Lakini mtu asiipambe iritongo kupita kiasi. Ilitawaliwa na wanaume. Inchama, inayotangaza mwaka wa tohara, haikumuuliza msichana yeyote kama anakubali kukeketwa. Mwaka 1996 Bunge mjini Nairobi liliikataa hoja iliyotaka ukeketaji upigwe marufuku, na wasichana wa Kuria walilipa gharama ya uamuzi huo misimu yote ya tohara ya Desemba iliyofuata. Sheria ya Watoto ya 2001 iliwalinda walio chini ya miaka 18. Kisha mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji. Hapo ndipo panapoonekana kwa nini kikao cha kusikiliza maoni hakiwezi kuwa kura ya wenye sauti kubwa pekee. Anayeumizwa na mila mara nyingi ndiye asiyeruhusiwa kusimama katika mkutano.

Wakoloni walileta mkutano wa aina nyingine. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulichora mpaka kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, na mstari huo ukawakata Wakuria vipande viwili. Upande wa Kenya uliwekwa chini ya wilaya ya Kavirondo Kusini, makao yake Kisii, na baadaye wilaya ya Nyanza Kusini ambayo makao yake yakawa Homa Bay. Baraza la chifu likaanza: watu huitwa, amri husomwa, watu hurudi nyumbani. Neno baraza likabaki na harufu hiyo kwa miongo mingi. Hata leo, afisa wa kaunti anapoita kikao cha maoni na kutumia saa mbili kuhutubia, wazee wanajua wako katika baraza la aina gani.

Huko Nairobi, Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza Agosti 1907, na hakuna Mwafrika aliyekaa ndani yake hadi 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa. Kabla yake, kuanzia 1924, masilahi ya Waafrika yalisemewa na wamisionari. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulifanyika Machi 1957, viti vinane kwa nchi nzima, na mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu kutegemea elimu yake, mali yake na utumishi wake. Lawrence Oguda alichaguliwa kuiwakilisha Nyanza Kusini: Waluo, Wakisii, Wasuba na Wakuria, wote katika kiti kimoja. Wakuria walipata wilaya yao miongo kadhaa baadaye. Kwa miaka mingi mtu wa Ntimaru mwenye shida na serikali ya wilaya alitazama Homa Bay, mji wa ziwani ulio mbali na vilima vyake.

Na kamati je? Bunge la uhuru lilirithi kutoka Uingereza mtindo wa kujadili mswada mbele ya wabunge wote. Mswada ulisomwa mara ya kwanza, ukajadiliwa katika kusomwa mara ya pili, kisha ukumbi mzima ukageuka kuwa kamati na kupitia vifungu kimoja kimoja, mara nyingi mbele ya viti vitupu. Mwananchi hakuwa na mlango wa kuingilia. Kamati ya maana iliyokuwepo muda wote ni ile ya Hesabu za Umma, ambayo kazi yake ilikuja baada ya fedha kutumika. Lugha nayo ilikuwa ukuta. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru mijadala iendeshwe kwa Kiswahili, na wabunge wakalazimika kujifunza upya namna ya kusema. Miswada yenyewe ilibaki kwa Kiingereza.

Palikuwa na wakati mmoja kamati ilipoonyesha inaweza kuwa nini. Machi 1975 mwili wa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulipatikana msitu wa Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Wabunge hao waliita mashahidi, wakahoji maafisa wa polisi, wakaandika ripoti iliyogusa watu wa karibu na Ikulu. Ripoti ilipowasilishwa mwezi Juni serikali ilitaka isikubaliwe, ikashindwa katika kura kwa tofauti ndogo. Waziri Masinde Muliro, aliyepiga kura upande wa kamati, alifutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Somo likaeleweka, na kwa miaka mingi kamati zikajifunza kutochimba karibu na mizizi. Ripoti ya kamati ya Kennedy Kiliku kuhusu mapigano ya kikabila, ya mwaka 1992, ilikataliwa na Bunge lenyewe.

Katika hali hiyo ndipo kanuni za tumbaku za 1994 zilipozaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wilfred Murungi, aliyewahi kufanya kazi BAT, alianzisha kampuni ya Mastermind. Ghafla wakulima walikuwa na mnunuzi wa pili. Mtu aliyekopeshwa mbolea na kampuni moja angeweza kuuza majani yake kwa nyingine iliyotoa bei nzuri au iliyolipa haraka. Kwa mkulima huo ulikuwa mwanya wa kupumua. Kwa kampuni iliyozoea kuwa peke yake ulikuwa hasara. Mwaka 1994 Waziri wa Kilimo alitoa kanuni mpya za kilimo na uuzaji wa tumbaku chini ya sheria ya uzalishaji wa mimea na mifugo, na kanuni hizo zikamfunga mkulima auze kwa kampuni iliyomdhamini.

Ni nani aliyeziandika? Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilitoka mbali. Kesi iliyomalizwa Minnesota, Marekani, mwaka 1998 ililazimisha kampuni za sigara kufungua hifadhi zao za nyaraka, ikiwemo ile ya BAT iliyokuwa Guildford, Uingereza. Watafiti Preeti Patel, Jeff Collin na Anna Gilmore walizipekua na mwaka 2007 wakachapisha waliyoyaona kuhusu Kenya: kampuni yenyewe ndiyo iliyoandaa rasimu ya kanuni hizo, na serikali ikazipitisha. Maafisa wa kampuni walijisifia jambo hilo katika barua zao za ndani.

Msomaji ajiulize hilo lilikuwa na maana gani kwa Ntimaru. Mtu mwenye ekari moja ya tumbaku aliamka siku moja akakuta uhuru wake wa kuchagua mnunuzi umekwisha, kwa maandishi ya Gazeti Rasmi la Serikali ambalo halikufika sokoni kwao, kwa lugha ambayo huenda hakuisoma, na kalamu ikiwa ni ya mnunuzi mwenyewe. Hapakuwa na kamati ya Bunge ya kuuliza. Kanuni za waziri hazikuhitaji hata kujadiliwa ukumbini. Hii ni dhuluma, na kwamba ilifanyika kimya kimya bila risasi wala kizuizi haiifanyi kuwa ndogo.

Mabadiliko yalianza ndani ya Bunge kwa hatua ambazo nje hazikuonekana. Marekebisho ya Kanuni za Kudumu ya 1997 yaliunda kamati za idara, kila moja na sekta zake: kilimo, afya, fedha, usalama na kadhalika. Mwaka 1999 mbunge Peter Oloo Aringo alifanikisha marekebisho ya Katiba yaliyoanzisha Tume ya Huduma za Bunge, hivi kwamba Bunge likaanza kuajiri makarani na watafiti wake bila kuomba ruhusa ya Ikulu. Jambo hili linaonekana la kiofisi tu, lakini kamati isiyo na mtafiti wake husoma mswada kwa miwani ya waziri. Kanuni mpya zilizoanza kutumika 2009 zilifungua milango ya vikao vya kamati kwa umma na wanahabari.

Nje ya Bunge, mwamko mkubwa ulikuja na Tume ya Kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai. Mwaka 2001 na 2002 tume hiyo ilizunguka majimbo yote 210 ya wakati huo, Kuria likiwemo, na maneno ya watu yakarekodiwa na kuchapwa neno kwa neno, jimbo kwa jimbo. Kwa watu wengi wa vijijini hiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali kuja na daftari tupu badala ya hotuba. Rasimu ilizuiwa, kura ya maoni ya 2005 ikaikataa ile iliyobadilishwa, na ikabidi kungoja hadi kura ya 4 Agosti 2010.

Katiba iliyotangazwa 27 Agosti 2010 iliandika mambo waziwazi. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Ibara ya 118 inalitaka Bunge lifanye kazi hadharani na kuwezesha umma kushiriki katika kazi za kutunga sheria, za kamati zikiwemo. Ibara ya 125 inazipa kamati uwezo wa kuita mashahidi sawa na Mahakama Kuu. Ibara ya 196 inayabebesha mabunge ya kaunti mzigo huohuo. Ibara ya 120 inakitambua Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara kuwa lugha rasmi za Bunge. Mwaka 2013 Sheria ya Hati za Kisheria ikaziba shimo la 1994: anayetunga kanuni lazima ashauriane na watakaoguswa, na lazima azipeleke Bungeni katika siku saba za vikao, ambako Kamati ya Sheria Ndogo inaweza kupendekeza zibatilishwe.

Migori nayo ikapata bunge lake la kaunti, lenye wadi 40. Wakuria wana 12 kati ya hizo, na mbili zina jina la mji huu: Ntimaru Magharibi na Ntimaru Mashariki.

Mahakama zilikuwa za kwanza kuonyesha kwamba maneno ya Katiba yana meno. Aprili 2014 Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alitegemea uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wa 2006 katika kesi ya chama cha madaktari cha Doctors for Life, na akasema tangazo peke yake halitoshi: habari ipelekwe makanisani, misikitini, hekaluni, katika mabaraza na katika redio za lugha za wenyeji. Magavana waliokuwa wamezoea kubandika karatasi kwenye lango la ofisi walishtuka.

Turudi kwenye jani. Kenya ilitia sahihi na kuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku siku moja, 25 Juni 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikatiwa sahihi na Rais Mwai Kibaki Agosti 2007 na kuanza kazi Julai 2008. Kanuni zake za 2014 zilitaka picha za onyo kwenye pakiti, zikawataka watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 kwenye mfuko maalumu, na zikaweka mipaka ya mikutano kati ya maafisa wa serikali na watu wa kampuni za tumbaku. Kifungu hicho cha mwisho hakikutokea hewani. Mtu akikumbuka 1994, anaelewa kinalinda nini.

BAT ilikwenda kortini. Jaji Mumbi Ngugi aliikataa kesi Machi 2016, Mahakama ya Rufaa ikafuata Februari 2017. Rekodi zilionyesha kampuni ilikuwa imealikwa na imetoa maoni. Mahakama ya Juu, ikimaliza shauri, iliona hapo ni mahali pa kuweka mizani kwa nchi nzima. Ikasema ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli, si pambo. Watu wapewe notisi ya kutosha na nafasi ya kutosha. Jambo linalojadiliwa lieleweke, utaratibu uwe rahisi, makundi yote yawakilishwe, na wananchi waelimishwe kwanza kuhusu kinachozungumzwa. Ikaongeza pia kwamba si lazima maoni yatolewe kwa mdomo; maandishi yanaweza kutosha.

Sentensi hiyo ya mwisho inahitaji kusomwa ukiwa umesimama Ntimaru. Kwa kampuni yenye wanasheria, maandishi ni njia nyepesi kuliko zote. Kwa mkulima aliyezoea kusimama katika iritongo na kusema lake kwa Igikuria, karatasi ndiyo kizuizi. Majaji walizungumza vizuri juu ya uwakilishi na elimu ya umma, na mizani yao ni mizuri, lakini uzito wake unategemea kamati inayoishika.

Utaratibu wa sasa katika Bunge la Taifa ni huu. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati ya idara inayohusika. Kanuni ya Kudumu ya 127 inaitaka kamati iwezeshe umma kushiriki na kuzingatia maoni yake, na inampa mwenyekiti siku 20 za kuleta ripoti. Tangazo huwekwa magazetini na mtandaoni, likiwa na jina la mswada kwa Kiingereza, anwani ya Karani wa Bunge na siku ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi. Kisha huja vikao, vingi Nairobi, vingine katika kaunti chache zilizochaguliwa. Kutoka Ntimaru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Mtu wa huko akiliona tangazo hilo wiki moja baadaye, akatafuta mwalimu wa kumtafsiria mswada, akaandika, siku zimekwisha.

Eneo la iliyokuwa Nyanza Kusini si geni kwa madaraka ya kamati. Gladys Wanga, akiwa Mwakilishi wa Wanawake wa Homa Bay, aliiongoza Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa kuanzia 2020, na John Mbadi, aliyewahi kuwa mbunge wa Suba Kusini, aliiongoza Kamati ya Hesabu za Umma baada ya uchaguzi wa 2022 kabla hajawa Waziri wa Fedha mwaka 2024. Kila mwaka ushuru wa sigara hujadiliwa katika Kamati hiyohiyo ya Fedha, na watengenezaji hawakosi kupeleka hesabu zao. Ushuru ukipanda, hoja inayotolewa upesi ni kwamba mkulima ataumia. Mkulima mwenyewe ni nadra kuwa ndiye anayeitoa.

Mwaka 2024 nchi nzima iliona kinachotokea watu wanapoamini kamati imewasikia kwa masikio tu. Kamati ya Fedha ilikusanya maoni juu ya Mswada wa Fedha, ikarekebisha baadhi ya mambo, na ripoti yake haikuwatuliza vijana. Wao walikuwa wameifanya kazi ambayo Bunge halikuifanya: waliutafsiri mswada kwa lugha mbalimbali za Kenya na kuusambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia majengo ya Bunge. Watu waliuawa barabarani. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza hatautia sahihi. Vijana hao walithibitisha jambo ambalo makarani walikuwa wakilipuuza tangu 1974, kwamba mswada unaoeleweka unasomwa.

Jaribio la kuandika sheria moja ya kitaifa kuhusu ushiriki wa umma, mswada wa 2018 wa Seneta Amos Wako wa Busia, halikufika mwisho. Kaunti zimebaki kila moja na mtindo wake.

Wakati huohuo tumbaku imerudi Bungeni. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma aliwasilisha Seneti mswada wa kuirekebisha sheria ya 2007 ili iguse sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini. Mjadala umejaa habari za vijana wa mijini na ladha za matunda, na ni habari nzito kweli. Kuhusu anayelima, sheria iliyopo tayari ina kifungu: cha 13, kinachomtaka waziri wa kilimo aweke sera za kuwapa wakulima wa tumbaku mazao mbadala yenye faida. Kimekuwepo tangu 2007. Migori ilipochaguliwa kuanzisha mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, unaoungwa mkono na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo, mamia ya wakulima walipanda maharage yenye madini mengi ya chuma na kupata mnunuzi wa uhakika. Mnunuzi huyo ndiye tofauti. Aliyeacha tumbaku kwa mahindi bila soko hurudi kwenye tumbaku msimu unaofuata, kwa sababu kampuni huleta mbolea mlangoni na lori huja kuchukua jani.

Kifungu cha 13 kinaweza kuulizwa. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi, na Kanuni za Kudumu zinaeleza ombi hilo liweje: kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa mkono au kwa chapa, likiwa na sahihi, na asiyejua kuandika aweke alama yake mbele ya shahidi. Spika akishaliwasilisha, linakwenda kwa kamati inayohusika. Mama wa Ntimaru ambaye vidole vyake vimeshika weusi wa utomvu wa jani anaweza kuweka dole gumba lake chini ya swali moja kwa Kiswahili, akitaka kujua ni nini kimefanywa tangu 2007, na kamati inatakiwa kumjibu.